Mpira wa Watu wa Zamu

(Maneno haya niliyasema Jumamosi jioni kwenye mkutano wetu wa wazazi na vijana, ukumbi wa jamii hapa Blacktown, magharibi ya Sydney. Wengi mlikuwa zamu ya usiku mkaomba niyaandike. Picha nilizoonyesha ukutani nimeziacha, maneno nimeyaweka yote.)

Shikamooni wazee wangu. Akina mama, shikamooni. Vijana mliojazana kule nyuma karibu na mlango, hamjambo? Sogeeni mbele, viti bado vipo.

Mwenyekiti ameniomba nizungumzie michezo na watoto wetu. Nimekubali, lakini nitazungumza kama shabiki, maana hicho ndicho nilicho. Sina cheo katika chama chochote cha michezo. Nina kofia, nina tiketi ya msimu, na nina maneno ambayo nimekaa nayo moyoni kwa miaka.

Nianze na swali. Mtu akikuaga akasema "nakwenda mpirani", unaelewa anakwenda wapi?

Kigoma nilikokulia hakuna anayeuliza swali hilo. Mpira ni mpira. Ni Simba na Yanga. Ni ule tuliousokota kwa matambara na mifuko ya nailoni, tukaufunga kamba, tukaupiga peku mpaka adhana ya Magharibi. Basi mwaka 2011 naingia Sydney, wiki ya tatu nimepata kibarua ghalani, napanga maboksi na mtu mzima mmoja wa Tonga. Wakati wa chai akaniuliza nashabikia timu gani ya mpira. Nikamjibu bila kusita: Yanga. Akanitazama. Nikadhani hajasikia vizuri, nikamtajia Arsenal. Akatikisa kichwa taratibu, akachomoa mfuko wa nyuma kofia ya buluu na dhahabu iliyopauka kwa jua, akanivika kwa mkono wake. "Hapa uko Parramatta," akasema.

Kofia ile ya Parramatta, klabu ya raga ya huku kwetu, ninayo hadi leo. Ndiyo hii.

Ndugu zangu, nchi hii ina mipira minne, na kila mwenye wake anauita "mpira" tu bila kuongeza neno. Kuna raga ya wachezaji 13, hiyo ya ligi ya NRL. Kuna raga ya wachezaji 15. Wakenya mlio hapa hiyo mnaijua, ni dada wa ile ya wachezaji saba iliyowapa Shujaa, timu yenu ya taifa, kombe la Singapore mwaka 2016, walipoichapa Fiji 30–7. Kuna mpira wa Waaustralia wenyewe, AFL, watu 18 kila upande kwenye uwanja wenye umbo la yai. Na kuna soka, mpira wetu wa utotoni.

Mwaka 1978 mwanahistoria Ian Turner aliupa jina mstari wa kufikirika unaoikata Australia kutoka kaskazini hadi kona ya kusini-mashariki. Aliuita mstari wa Barassi, kwa jina la Ron Barassi, nguli wa mpira wa Melbourne. Upande mmoja wa mstari, Melbourne, Adelaide, Perth na Hobart, mpira ni AFL. Upande wa pili, Sydney na Brisbane, mpira ni raga ya 13. Sasa fikirini jambo hili. Ndugu zetu walioshushwa na ndege Melbourne, watoto wao leo wanaruka juu kuudaka mpira kwa mikono. Walioshushwa Sydney, watoto wao wanakimbia mbele wameinamisha bega. Familia hizo zilitoka kambi moja ya wakimbizi, Nyarugusu, pengine zilichota maji bomba moja. Ndege ndiyo iliyowachagulia watoto mpira.

Mimi nimesimama upande wa raga ya 13, na sitaki mdhani nimesimama huko kwa ajili ya ndege peke yake. Ipo sababu.

Raga zamani ilikuwa moja. Uingereza ya karne ya 19, kusini ilichezwa na watu waliosoma shule za gharama, wanasheria, watoto wa wenye mali. Kaskazini, Yorkshire na Lancashire, waliicheza wachimba makaa ya mawe na watu wa viwanda vya nguo. Hao Jumamosi walikuwa na kazi. Ukienda kucheza, umekosa ujira wa siku. Ukivunjika mguu, umekosa wa miezi. Vilabu vya kaskazini vikaomba jambo dogo sana: viruhusiwe kumlipa mchezaji shilingi sita kufidia siku ya kazi aliyoikosa. Shilingi sita! Wakubwa wa chama wakakataa. Raga ni starehe, wakasema, na mtu halipwi kwa starehe.

Starehe ya nani, ndugu zangu? Ya yule ambaye baba yake ana kiwanda, au ya yule anayeamka alfajiri kwenda kukiendesha?

Tarehe 29 Agosti 1895 vilabu hivyo vikakutana George Hotel, mjini Huddersfield, vikajitoa. Hapo ndipo mpira wangu ulipozaliwa. Kanuni zikaja kubadilika kidogo kidogo, mwaka 1906 wachezaji wakapunguzwa wakawa 13, lakini mzizi ni ule: mtu asilale njaa kwa sababu alicheza.

Sasa vukeni bahari mje Sydney, mwaka 1907. Mchezaji mmoja, Alex Burdon, aliumia uwanjani akashindwa kufanya kazi, na chama cha raga, kilichokuwa kikikusanya fedha za viingilio vya maelfu ya watu, hakikumfidia. Wenzake wakakasirika. Wakawa wanakutana kwenye duka la vifaa vya michezo la Victor Trumper, mcheza kriketi aliyependwa kuliko wote wakati ule. Alikuwamo mfanyabiashara James Giltinan, alikuwamo mwanasiasa Henry Hoyle. Tarehe 8 Agosti 1907 wakakutana hotelini, wakaunda ligi yao. Wakampata na Dally Messenger, mchezaji aliyekuwa akijaza viwanja. Pasaka ya 1908 ligi ikaanza na timu tisa, na walioifuata wakafungiwa maisha na chama cha raga ya 15. Maisha! Kwa kosa gani? Kwa kutaka aliyeumia apewe posho ya kula.

Naomba niwaeleze kwa nini habari hii inanigusa.

Mwaka wangu wa pili hapa boksi la vigae lilinidondokea begani. Nilikuwa kibarua wa kuitwa kwa simu, kama wengi wenu mlivyo sasa hivi. Wakala aliyekuwa akinipangia zamu, jina lake halina haja, aliniambia nipumzike nipone. Nikapumzika. Simu ikanyamaza. Wiki ya kwanza, kimya. Wiki ya tatu, kimya. Nikawa natembea na ile simu hadi bafuni nikihofia itaita nisiisikie. Wiki ya sita nikapiga mwenyewe, nikaambiwa hakuna kazi kwa sasa.

Nani hapa simu yake haijawahi kunyamaza namna hiyo? Nyosheni mikono. Naona mikono miwili. Mikono miwili, ukumbi mzima.

Yule mzee wa Tonga alikuja nyumbani na mfuko wa mchele na kuku wawili. Akakaa kwenye kochi, akawasha televisheni, Parramatta walikuwa wanacheza. Wakati wa mapumziko ndipo aliponisimulia habari za Burdon, kwa Kiingereza chepesi ili nimwelewe. Akamaliza kwa kusema: "Huu mpira ulianzishwa kwa ajili ya mtu kama wewe, ulivyokaa hapo." Siku hiyo ndiyo niliyoipenda raga. Kofia nilikuwa naivaa kwa adabu. Tangu siku hiyo naivaa kwa moyo.

Haya, na mchezo wenyewe je? Mama mmoja aliyekaa hapa mbele aliwahi kuniambia: baba, ule si mchezo, ni ugomvi wenye refa. Mama, nakuheshimu, lakini leo nipe dakika tano.

Ukishika mpira unakimbia mbele, na pasi zote unazitoa nyuma. Ukiangushwa, timu yako haijapoteza kitu, ila imehesabiwa moja. Una nafasi sita. Ukiangushwa mara ya sita hujapata kitu, mpira ni wa wenzako. Zamani kikomo hicho hakikuwapo. Timu ikiushika mpira iliweza kukaa nao hadi watu wakasinzia. Klabu moja, St George, ilitwaa ubingwa mara 11 mfululizo, 1956 hadi 1966. Mwaka 1967 ukawekwa ukomo wa mara nne, na 1971 ukawa sita, na hapo mchezo ukapata pumzi yake. Trai, yaani kuuweka mpira chini nyuma ya mstari wa goli wa wenzako, ni pointi nne, mkwaju wa kuongezea ni mbili. Ukijua hayo umejua ya kutosha kukaa jukwaani.

Lakini ukikaa jukwaani usimwangalie mwenye mpira. Nilimfundisha hivyo binti yangu tulipokwenda mara ya kwanza kwenye uwanja mpya wa Parramatta, ule uliofunguliwa Jumatatu ya Pasaka mwaka 2019, tukawafunga Wests Tigers 51–6. Nilimwambia: mwanangu, waangalie wanaokaba. Mtu wa kilo 110 amemwangusha mwenzake, wamelala wote chini. Yule mwenye mpira anasimama, anauweka chini, anauviringisha nyuma kwa kisigino. Muda huohuo aliyekaba anainuka na kurudi mbio mita kumi kwenye mstari wa wenzake, na kabla hajavuta pumzi anatoka tena mbele. Anakaba tena. Anarudi tena. Mara 30, mara 40 kwa mechi moja. Hakuna anayempigia makofi, kamera haimwoni. Wakisimama kwenye mstari ule wanatazamana kulia na kushoto, wanasogea pamoja, na mmoja akichelewa hatua moja tu, pengo limefunguka na trai imeingia. Mmewahi kulima msaragambo? Mnajua mstari wa majembe unavyokwenda, na aliyechoka anavyosubiriwa na wa pembeni yake? Ndiyo raga ya 13.

Binti yangu alikaa kimya muda mrefu, halafu akasema, "Baba, namba 8 amechoka lakini hajabaki nyuma." Alikuwa na miaka tisa. Alikuwa ameelewa kila kitu.

Na msidhani nawapenda Parramatta kwa sababu wanashinda. Klabu iliingia ligi mwaka 1947 ikasubiri ubingwa hadi 1981. Usiku ule mashabiki walifurahi mpaka wakaliteketeza kwa moto jukwaa la uwanja wao wa zamani, Cumberland Oval. Jambo hilo silisifu. Yakafuata mataji ya 1982 na 1983, na la 1986 lililopatikana kwa 4–2 dhidi ya Canterbury, fainali nzima bila trai hata moja. Wazee wa hapa wanawataja Ray Price, Peter Sterling, Mick Cronin na Brett Kenny kama wazee wetu wanavyomtaja Sunday Manara: kwa sauti ya chini, wakitabasamu. Tangu 1986, hakuna kombe. Mwaka 2022 tulifika fainali, majirani zetu Penrith wakatufunga 28–12. Nililia, wala sioni haya kusema.

Na mwaka uliofuata nikawashangilia haohao Penrith nikiwa nimesimama sebuleni kwangu. Fainali ya 2023 dhidi ya Brisbane Broncos. Mnaikumbuka? Kijana wa Brisbane, Ezra Mam, alifunga trai tatu kwa dakika chache, ikawa 24–8. Zilibaki dakika zisizofika 20. Penrith walikuwa na majeruhi, wamechoka, jukwaa la Brisbane linaimba. Halafu Nathan Cleary akaanza kazi. Trai moja. Trai ya pili. Na katika dakika za lala salama akaushika mpira mwenyewe, akawapita mabeki, akalala nao chini ya milingoti. 26–24. Penrith ni watani wetu wa jadi, lakini jirani akijenga nyumba nzuri unasema ni nzuri.

Kuna jambo jingine linalonivutia kwenye raga hii, na linatuhusu sisi wahamiaji. Kila mwaka kuna mechi tatu za jimbo letu la New South Wales dhidi ya jimbo la Queensland, zinaitwa State of Origin, yaani mechi za asili. Zamani Queensland walikuwa wakifungwa karibu kila mwaka kwa sababu vijana wao walihamia Sydney kutafuta mshahara, wakalazimika kuichezea New South Wales. Mwaka 1980 wakasema basi: kila mtu arudi akachezee alikotoka. Tarehe 8 Julai, uwanja wa Lang Park, Brisbane, nahodha wa Queensland akawa Arthur Beetson, mwenye umri wa miaka 35, Mwaborijini, yaani mwenyeji wa asili wa nchi hii, aliyewahi kuwa nahodha wa Australia. Wakati ule alikuwa mchezaji wa Parramatta. Na katika mechi hiyo akamgonga kwa mkono Mick Cronin, mchezaji mwenzake wa Parramatta, kwa sababu usiku ule Cronin alivaa buluu na yeye alivaa rangi ya damu ya mzee. Queensland wakashinda 20–10. Unaishi kwa watu, unakula kwao, unawapenda. Lakini ukiulizwa asili yako, unajibu bila kusita. Nani asiyeyajua hayo kati yetu?

Sasa nije kwa wapinzani wetu. Mashabiki wenzangu wa raga wanaiita AFL "ping-pong ya angani". Mimi neno hilo silitumii, na nawaomba vijana msilitumie. Mpira ule una heshima yake. Kanuni zake ziliandikwa Melbourne tarehe 17 Mei 1859, baada ya Tom Wills kuandika kwamba wacheza kriketi wanahitaji mchezo wa kuwakaza viungo wakati wa baridi. Chama cha soka Uingereza kiliandika kanuni zake 1863, miaka minne baadaye. Wengi hawajui.

Na uzuri unao. Tafuteni sekunde za mwisho za fainali ya 2005. Sydney Swans wako mbele kwa pointi nne, hawajabeba kombe tangu 1933 walipokuwa bado Melbourne, na mpira uko juu kabisa ukishuka kwenye goli lao. Watu wamejazana chini yake. Leo Barry akaingia kwa pembeni, akaruka juu ya wote, akaudaka. Miaka 72 ikaishia kwenye vidole vyake. Mimi si shabiki wao, na bado nywele zinanisimama.

Lakini kinachonifanya niwaheshimu zaidi ni namna wanavyoutafuta moyo wa mgeni. Shuleni kwa binti yangu, wa kwanza kufika na mipira ya bure walikuwa watu wa AFL. Wa upande wangu hawakutokea muhula ule. Walipoanzisha timu ya GWS Giants mwaka 2012 hapa hapa magharibi ya Sydney, kwenye ngome yetu, watu wa raga walicheka. Wakacheka hata pale AFL ilipomchukua Israel Folau kutoka raga na asidumu. Cheko hilo naliona ni kosa kubwa. Mtu anayebisha hodi kila siku, ipo siku atafunguliwa.

Na mlango mmoja ulishafunguliwa. Aliir Aliir alizaliwa kambi ya Kakuma, Kenya, wazazi wakiwa wamekimbia vita vya Sudan. Alicheza Sydney Swans, akahamia Port Adelaide, na mwaka 2021 akachaguliwa kwenye kikosi bora cha nchi nzima. Kakuma, ndugu zangu. Kuna watu humu ndani wanaijua vumbi ya Kakuma kwa ladha yake. Kwetu raga tunawapenda watu wa visiwa vya Pasifiki, na Papua New Guinea raga ni mpira wa taifa hasa. Mtoto wa Kiafrika bado hatujamfungulia mlango sawasawa, na hilo ni deni la mpira wangu.

AFL nao wana deni lao. Mwaka 1993 Nicky Winmar, Mwaborijini wa St Kilda, alitukanwa na jukwaa zima la Collingwood, akainua jezi yake mbele yao akaionyesha kidole ngozi yake nyeusi. Picha hiyo niliwaonyesha hapo ukutani. Zikapita miaka zaidi ya 20, na mwaka 2015 Adam Goodes, bingwa mara mbili wa nishani ya mchezaji bora, akazomewa uwanja hadi uwanja mpaka akastaafu. AFL ilikuja kuomba radhi mwaka 2019. Wazazi, mtoto wako akirudi amenyamaza kutoka mazoezini, mpira wowote ule, muulize. Muulize siku hiyohiyo.

Raga ya 15 nitaisemea kwa ufupi. Wallabies, timu ya taifa ya Australia, walibeba Kombe la Dunia 1991 na 1999, na walistahili. Lakini walimfungia mtu maisha kwa kulipwa, halafu Agosti 1995, miaka mia kamili baada ya Huddersfield, wakaruhusu malipo wenyewe. Hapa Sydney raga hiyo mpaka leo imekaa zaidi kwenye shule ambazo ada yake ya mwaka mimi na mke wangu tukiiunganisha mishahara hatuifikii. Wachezaji wao nawaheshimu. Chama kile, kwa yale ya 1907, sijakisamehe.

Na soka? Soka ni mama, na mama hashindanishwi. Nestory Irankunda alizaliwa Kigoma mwaka 2006, wazazi wake wakimbizi kutoka Burundi, akaletwa Australia mchanga, akakulia Adelaide, akasajiliwa Bayern Munich, anaivaa jezi ya taifa. Thomas Deng alizaliwa Nairobi. Awer Mabil alizaliwa Kakuma, na Juni 2022 alipiga penalti yake bila kutetereka Australia ilipoitoa Peru kwenda Kombe la Dunia. Mama zangu, mlipokuwa mkilia mbele ya televisheni Matildas, timu ya soka ya wanawake wa Australia, walipowatoa Ufaransa kwa penalti mwaka 2023, nilikuwa nalia nanyi. Mtoto anayetaka soka aachwe acheze soka. Nimekuja kumsemea yule mwingine: yule mzito, mwenye nguvu, asiye na chenga, anayewekwa benchi kila Jumamosi na kujiona hafai. Huyo ana mahali. Kwenye raga ya 13 huyo anatafutwa.

Sasa la mwisho, na hili nalisema kwa uchungu kwa sababu naupenda mpira huu.

Vichwa vya watoto. Steve Folkes aliichezea Canterbury, akaifundisha, akafariki 2018 akiwa na miaka 59, na ubongo wake ulikutwa na ugonjwa wa CTE unaotokana na kugongwagongwa kichwa. AFL nao wana msiba huohuo: Heather Anderson, mchezaji wa kike wa Adelaide, alifariki akiwa na miaka 28 tu, naye akakutwa nao. Siku hizi mchezaji wa NRL aliyepata mtikisiko wa ubongo kwa kawaida hukaa nje siku 11. Kwa mtoto wako usikubali haraka yoyote. Kocha akisema "ataendelea tu", mchukue mtoto uende naye nyumbani. Nami nashauri waanze na raga ya kugusana, isiyo na kuangushana. Wajifunze pasi na mbio kwanza, kukaba kutakuja.

Na zile mashine za kamari. New South Wales iliziruhusu kwenye vilabu tangu 1956, na vilabu vingi vya raga vimejengwa kwa fedha zake. Mnakwenda kula chakula cha bei nafuu, mnaona taa zinamulika upande wa pili wa ukuta. Nimemjua kaka yetu mmoja aliyeingia na mshahara wa wiki mbili akatoka na nauli ya basi. Mpira ulioanzishwa ili mfanyakazi asikose ujira wake haufai kuishi kwa kuuchukua ujira huo mashineni. Nimewaandikia viongozi wa mpira kuhusu jambo hili, na nitaendelea kuwaandikia.

Ndugu zangu, msimu unaanza Machi. Mechi ya kwanza ya Parramatta nyumbani tutakwenda pamoja, wazazi na watoto. Tutakutana stesheni ya Blacktown saa kumi jioni, mbele ya lango, tupande treni hadi Parramatta, kisha tutembee robo saa hivi hadi uwanjani. Wale wa zamu ya usiku nileteeni ratiba zenu wiki hii tuone siku itakayowafaa. Chukueni makoti ya mvua. Yule mzee wa Tonga amestaafu sasa, atakuja na mjukuu wake, na ameniambia anazo kofia tatu za ziada mfukoni.